Sukari Niliyompelekea Shosho

Asubuhi hiyo nilifunga chumba changu cha Mwiki nikatembea tu. Juni ilikuwa inaisha na sikutaka kufikiria kodi ya mapato. Miguu ikanifikisha Ruiru, mbele ya saiba, duka la kompyuta, iliyobandika tangazo la kujaza ritani za kodi. Nikaingia.

"Kazi?" mwanamke wa kwenye kompyuta aliuliza.

"Mwanahistoria."

"Umesomea wapi?"

"Niliacha shule kidato cha pili."

"Basi nitaandika mpiga domo," alisema, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Kanisa moja lilikuwa limenilipa niandike historia ya kijiji ambamo wazee wetu walifungiwa wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau. Nilitaka gharama zangu zitolewe kabla kodi haijapigiwa hesabu: nauli, betri za kinasa sauti, na vile vitu nilivyokuwa nikimpelekea shosho mmoja, bibi kizee aliyeishi kando ya shamba la kahawa. Sukari, majani chai, tumbako ya kunusa. Ni yeye tu niliyemfahamu aliyebaki akijua walipozikwa watoto waliokufa njaa mle kijijini, mmoja wao dada yake mdogo. Alikuwa ameahidi kunionyesha kabla mikahawa haijang'olewa kupisha maghorofa.

"Risiti za sukari ziko wapi?"

Sikuwa nazo.

"Basi angalau huyo shosho aweke kidole hapa kwamba ulimlipa akupe habari." Akanichapia karatasi.

Nilimkuta shosho uani akipukuchua maharagwe. Mke wa mwanawe alimsomea ile karatasi kwa Kikuyu, polepole, kisha akairudia.

"Sukari ilikuwa ya nini?" shosho aliniuliza.

"Zawadi, shosho. Hii ni ya serikali tu."

"Mimi nawaambia majirani nimepata mjukuu wa kunitembelea." Aliendelea na maharagwe yake. "Kumbe nilikuwa nikimuuza dada yangu kwa kilo. Lete wino."

Nilimwambia aache, haina haja. Akamtuma mke wa mwanawe alete kalamu, akajipaka wino kidoleni, akakibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu.

"Haya. Umenilipa, tumemalizana."

"Na makaburi, shosho?"

"Hayo hayamo kwenye karatasi."

"Muulize huyo wa kompyuta," mke wa mwanawe alisema, akanifungulia geti.

Upande wa pili wa ua trekta lilikuwa tayari linang'oa mikahawa. Nilisimama nikaitazama ile ardhi nyekundu ikipinduliwa, nisijue niangalie wapi.

Niliwahi kusikia kwamba Thika kuna bibi mwingine aliyetoka kijiji kilekile, kwa hiyo nikaenda. Alikuwa amezikwa. Watu wake walinipa chai, wakaniuliza kama ninayo hata picha yake moja.

Jioni nilipata chumba karibu na maporomoko ya Chania. Keateka, mtunza nyumba, alitaka kujua nitakaa muda gani.

"Mpaka nipate mtu anayekumbuka mambo ya zamani."

"Hao wameisha, bro," alisema, akanionyesha choo kilipo.