Siku ya Ishirini na Tatu

Karatasi ya kwanza niliyochapa katika staji yangu, mafunzo ya kazini, ilikuwa na cheti cha ubatizo cha mtu upande wa pili. Nilidhani nimeharibu kitu. Nikampelekea mama shefu, mkuu wa idara ya wafanyakazi, nikamwambia kuna mtu amesahau cheti chake ndani ya mashine. Alicheka kwa upole, kwa sababu kila kitu alikifanya kwa upole, akanieleza kwamba hizo ni dosie za watu walioomba kazi zamani. Upande mmoja bado mweupe, akasema, kwa nini tuutupe? Chini ya meza palikuwa na katoni tatu za dosie hizo. Watu wa kwetu Musonoi walikuwa wakizileta ndani ya bahasha za kaki, barua ya kuomba kazi imeandikwa kwa mkono na kunyooshwa kwa rula, na sisi tulizigeuza tukachapa ratiba za likizo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya usimamizi wa biashara, na chuo kilinidai miezi mitatu ya staji na karatasi ya tathmini yenye saini ya mkuu. Kampuni iliyonipokea ilikuwa ikipeleka watu kwenye migodi: wabeba magunia, waosha malori, wafagiaji. Jina lake silitaji. Ukilifuta ukaandika jina la kampuni jirani, orodha zinabaki zilezile.

Ofisi yetu ilikuwa kontena mbili zilizounganishwa, na kufika saa nne asubuhi bati lilikuwa limeshashika moto. Mama shefu alikuwa na umri wa mama yangu. Alinigawia mkate wake, aliniita mutoto yangu, na siku niliyoumwa na kichwa alinipa kiti chake karibu na feni. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu baadaye nilitamani sana kudai kwamba nilimwogopa, na haingekuwa kweli yote.

Kazi aliyonikabidhi ilikuwa daftari la mahudhurio la vibarua. Kila asubuhi kibarua alichukua jetoni yake langoni, kipande cha chuma chenye namba, na jioni aliirudisha. Mimi nilihamishia namba hizo kwenye daftari na kuhesabu siku. Darasani tulifundishwa kwamba kibarua akishatimiza siku ishirini na mbili ndani ya miezi miwili, ukimrudisha kazini siku moja zaidi umemwajiri, upende usipende. Mwalimu alisema sheria hiyo iliwekwa kumlinda mfanyakazi. Ofisini niligundua kwamba ndiyo sababu hasa ya kuwepo kwangu. Mtu akifika siku ya ishirini na moja, niliandika jina lake kwenye karatasi ya njano, na kesho yake jetoni yake haikuwepo langoni.

"Mutoto yangu, huku hatufukuzaka muntu," mama shefu aliniambia aliponiona nasitasita na karatasi ya kwanza. "Masiku yake inaisha tu."

Nikaandika majina. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa mzito, wiki ya tatu nilikuwa naandika huku natafuna karanga. Binadamu anazoea haraka mno, na mimi nilizoea kuliko wengi.

Mwezi wa pili nilikuta kwenye orodha ya wabeba magunia jina la kaka yangu. Yaya, ndivyo tunavyomwita kwetu mkubwa wa tumbo moja, hakuniambia kitu. Alikuwa amesimama langoni asubuhi pamoja na vijana wengine, msimamizi wa uwanja akamnyooshea kidole, basi. Ofisini hakuna aliyejua kwamba ni ndugu yangu. Kwetu watoto wa baba mmoja hawabebi jina moja: yeye alipewa jina la babu, mimi nilipewa la shangazi. Siku ya kwanza ya staji nilitia saini karatasi ya kusema sina jamaa ndani ya kampuni, na siku niliyoiandika ilikuwa kweli. Baadaye haikuwa kweli, nami nikafunga mdomo.

Inabidi nieleze huyu kaka ni nani kwangu. Baba alipofariki, yaya alikuwa kidato cha nne, mimi bado nasoma shule ya msingi. Hakuna aliyekaa kuamua. Yeye aliacha tu kwenda shule, akaenda Mutoshi kuchimba, na kuanzia hapo daftari zangu, viatu vyangu, hata nguo nyeupe ya siku ya mtihani wa chuo, vyote vilitoka ndani ya shimo. Miaka mingi alishuka kwenye mashimo ambayo wenzake wawili hawakutoka. Mama alikuwa akiniamsha alfajiri nisome, na kila alfajiri yeye alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo kazi ile ya magunia, chini ya jua lakini juu ya ardhi, ilikuwa kitu kikubwa nyumbani kwetu. Mama alianza kulala usingizi.

Alipoanza wiki ya tatu alipata homa. Asubuhi hiyo ilikuwa Jumanne, mvua inapiga, na hakuweza kusimama. Akamwita rafiki yake wa Mutoshi, akampa namba yake, na yule rafiki akaichukua jetoni langoni, akabeba magunia kutwa nzima kwa jina la yaya. Jioni tulicheka sana nyumbani, kwa sababu rafiki huyo ni mfupi na msimamizi alimwuliza kama mvua imempunguza urefu.

"Mu shimo, nafasi haibakiaka bure," yaya alisema, bado amejifunika blanketi. "Ukigonjwa, mwenzako anakushikilia. Kesho na we unamushikilia."

Ndivyo wachimbaji wanavyoishi. Ukiacha sehemu yako siku moja bila mtu, unakuta mwingine ameshaingia na nyundo. Kumweka mwenzako si udanganyifu kwao, ni adabu. Hakufikiri kwamba kiwanjani kuna daftari, na kwamba ndani ya daftari mtu ni namba yake tu.

Sasa kosa langu. Katikati ya siku zake, yaya alihamishwa kutoka magunia kwenda kuosha malori. Waosha malori walikuwa na ukurasa wao, na huko siku zake zilianza upya kutoka moja. Mimi nilihesabu ukurasa mpya nikasahau wa zamani. Siku ya ishirini na moja ikapita bila jina lake kuingia kwenye karatasi ya njano. Siku ya ishirini na mbili, mchana, nilipokuwa nafananisha kurasa, nikaliona kosa. Nililiona vizuri kabisa. Nikafunga daftari, nikaenda kunywa maji. Sikuandika kitu. Kesho yake yaya alichukua jetoni yake langoni kama kawaida, akaosha malori, na kwa sheria ya nchi hii akawa mfanyakazi wa kudumu bila mwenyewe kujua. Siku hiyo nilitembea kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Ni tendo jema pekee nililolifanya katika staji nzima, na lilidumu hadi asubuhi.

Asubuhi nilimkuta mama shefu ameshika kurasa hizo mbili. Alikuwa na tabia ya kupitia daftari mwenyewe mara moja kwa mwezi, kitu ambacho sikukijua.

"Huyu muntu iko na masiku makumi mbili na tatu," alisema. "Ni nani alihesabia?"

Nikasema ni mimi. Nikamweleza habari ya kuhamishwa, kurasa mbili, kusahau. Niliogopa, na si kwa ajili ya yaya. Nilikuwa naogopa kwamba ataniona mzembe. Juu ya meza, kati yetu, ilikuwepo karatasi yangu ya tathmini. Alikuwa ameshajaza nusu: kuwahi, bidii, adabu, zote alama za juu. Sehemu ya umakini ilikuwa bado wazi.

Hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akaniambia nikae, akaniwekea glasi ya maji. Laiti angenitukana. Mtu akikutukana unapata mahali pa kusimama.

"Sikuulize makosa," alisema. "Bote tunakosaka. Unitafutie tu siku moja. Kila muntu iko na siku moja yenye hakukuya ku kazi. Tukitosha moja, tukiifuta, anabakia na makumi mbili na mbili, na maneno inaisha."

Ningeweza kusema sijui. Hicho ndicho kitu ambacho hadi leo kinaniuma: hakuna aliyenishika koo. Daftari lilikuwa safi, namba zote zilikuwepo, siku ishirini na tatu bila pengo. Ningepekua kurasa kwa nusu saa, nikarudi nikamwambia mama shefu, sikuona. Ile siku moja haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa ndani ya chumba chetu Musonoi, na ndani ya vichwa vinne: cha mama, cha yaya, cha rafiki yake, na changu.

"Jumanne ile ya mvua," nikasema. "Haikukuwa ye. Mwenzake njo alikamata jetoni yake."

"Umejua namna gani?"

"Bantu ya langoni banasema."

Hata uongo huo niliutoa haraka, kama mtu aliyekuwa ameuandaa. Mama shefu aliitikia kwa kichwa, akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari juu ya ile Jumanne. Kisha akafikiri kidogo akasema kumbe jambo lenyewe ni bora kuliko alivyotarajia. Kuingiza mtu kwa jetoni ya mwingine ni kosa zito, na kwa kosa zito mtu anaondolewa na hadai kitu. Akanisomea barua kwa Kifaransa, mimi nikaipiga kwenye mashine. Sikukosea hata herufi. Safari hii alinipa karatasi mpya, nyeupe pande zote mbili.

Yaya aliitwa saa nane. Aliingia kontena amevua kofia, suruali imelowa hadi magotini kwa maji ya malori, akasimama mahali wanaposimama wote, upande wa pili wa meza. Aliniona. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya kabati. Alikuwa ananilinda, nadhani, maana alijua nilitia saini kwamba sina jamaa.

Mama shefu alimwelekezea barua. Yaya aliitazama muda mrefu. Kifaransa chake kiliishia kidato cha nne.

"Mutoto yangu," mama shefu akaniambia, "umusomee mu Swahili, asikie muzuri."

Basi nikamsomea. Nilisoma kwamba siku ya Jumanne, tarehe fulani, yeye hakufika kazini, na kwamba alimpa mtu mwingine namba yake ya jetoni, na kwamba mtu huyo alifanya kazi kwa jina lake kutwa nzima. Nilipofika pale kwenye mvua, kwa sababu mama shefu alikuwa ameiandika hata mvua ili kuonyesha kwamba kampuni inajua kila kitu, yaya aliinua kichwa. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali, hajui ni nani anayeita. Kisha akajua. Nilimwona anajua. Niliendelea kusoma hadi chini, nikataja na kifungu cha sheria.

Alishika kalamu.

"Mama," akaniambia, kwa ile heshima ambayo watu wanampa karani wasiyemfahamu, "mi natia signature wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akatia saini polepole, kwa mwandiko uleule ambao zamani alikuwa akiandika jina langu juu ya daftari zangu za shule. Akashukuru, akarudisha jetoni mezani, akatoka.

Ijumaa mama shefu alimaliza kujaza karatasi yangu ya tathmini. Umakini: vizuri sana. Aliniambia kwamba staji ikiisha nitabaki nao, ameshazungumza na wakubwa, mtu kama mimi hapatikani kirahisi. Nilisema asante mama. Nilisema mara mbili.

Jumapili mama alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mhogo, akakaanga samaki kwa ajili ya habari yangu njema. Yaya alikuwa ameshachukua nyundo yake kwa rafiki aliyekuwa ameiazima. Jumatatu anarudi Mutoshi. Mama alikuwa amemwuliza tangu katikati ya wiki kilichotokea, naye alimjibu kwamba masiku yake iliisha, kama masiku ya bote. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale nasikia.

Tulikula. Mama hakuweza kukaa na huzuni na furaha kwa pamoja, akatafuta namna ya kuziunganisha. Akamgeukia yaya, akamgusa goti.

"Usisumbuke, mutoto. Si mudogo yako iko mule ndani sasa? Atakuingizia dosie ingine. Atakusemea."

Yaya alimeza tonge lake kwanza. Akanawa vidole ndani ya bakuli, kimoja kimoja, bila kuniangalia.

"Apana, mama," alisema. "Umuache. Ye anajua kazi yake."

Mama akafurahi kusikia ananisifu, akaniwekea kipande kingine cha samaki.