Tangazo la Magodoro

Haya ninayowasimulia bado yananitia haya. Nilikuwa muuzaji katika duka la magodoro hapa Bujumbura, na mimi ndiye niliyemshawishi patroni wetu, mwenye duka, kwamba siku hizi wateja hutafutwa kwa barua pepe. Nilijiona mtaalamu. Kila barua, nilimwambia, imtaje mteja kwa jina na imguse moyoni.

Usiku wa kuamkia siku ya kutuma, makombora yalianguka upande wa Carama. Sisi wa mtaa wa Gihosha tuliyasikia tukiwa tumelala sakafuni. Asubuhi nilikwenda kutuma vilevile, nikiwaza kwa werevu wangu wa kijinga kwamba waliokesha ndio watakaotamani usingizi. Mteja wetu mmoja, sekretari wa ofisi fulani, nilimwandikia: "Mama Divine, usiku huu wewe na Divine mulale bila kusikia kitu."

Siku chache baadaye aliingia dukani. Nilimkimbilia nikitabasamu.

"Karibu, Mama Divine. Ulipata barua yetu?"

"Niliisoma," alisema polepole. "Nimekuja kuona mutu aliyeiandika."

Patroni, akidhani mama amekuja kutusifu, alinishika bega kwa fahari. "Ni huyu. Mambo ya imeli yote ni yeye."

Mama Divine alinitazama usoni.

"Bombe ilianguka ku nyumba yetu usiku ule. Barua yako niliikuta ku kazi, nilipotoka kumuzika Divine, mutoto wangu."

Patroni aliondoa mkono begani mwangu. Mimi nilikuwa bado natabasamu, maana mdomo ulikataa kufunga.