Tufe la Shaba Mwishoni mwa Mpini

Fundi wa panga hakuwa mtu wa kukosolewa. Mteja akileta malalamiko, yeye alitia pamba masikioni, kisha akamuuliza kama amekuja kununua upanga au kufundisha kazi. Na kusema kweli, kazi alikuwa anaijua. Bapa la upanga likishanolewa, alilining'iniza kwa vidole viwili, akaligonga kwa ngumi na kutazama linavyotetemeka. Kila bapa lina sehemu mbili zinazotulia wakati kwingine kote kunatikisika. Moja inatakiwa ikae ndani ya kiganja, na nyingine ndiyo ya kukatia. Zikikaa sawa, mkono hausikii kitu na upanga unapita. Zikikosea, nguvu yote inaishia kwenye mtetemo, na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia.

Binti yake wa pekee alikuwa mkataji wa mashindano, mmoja wa wale wanaokata mikeka iliyolowekwa maji na kuviringishwa. Alipotimiza miaka ishirini, baba alimtengenezea upanga wa kudumu naye. Alipima bapa likiwa tupu, akaridhika. Halafu, kwa kupenda sifa, akaongeza tufe zito la shaba mwishoni mwa mpini ili watu wauone toka mbali. Hakupima tena. Hakutaka kuuchafua kwa alama za vidole kabla haujaonekana.

Siku ya mashindano binti alikwama katikati ya mkeka mara tatu.

"Baba, upanga unanitetemekea mkononi."

"Mkono wako ndio mlegevu. Upanga nimeupima mwenyewe."

Kila binti aliporudia, jibu lilikuwa hilohilo, tena mbele za watu. Mwaka haukuisha, akamrudishia baba upanga wake, akaacha mchezo na kuajiriwa kwenye duka la vioo. Fundi akawa anawaambia wateja kwamba vijana wa siku hizi wanataka kila kitu laini.

Ilipita miaka kumi na miwili. Asubuhi moja aliushusha upanga ukutani aufute vumbi, ukagonga ukingo wa meza. Mtetemo ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Akagonga tena, makusudi. Akalifungua tufe, akagonga mara ya tatu, na mkono haukusikia kitu. Alikaa chini, roho ikimuuma. Kosa lilikuwa lake, na alikuwa amembebesha binti yake.

Akampigia simu bila hata kunawa mikono.

"Mwanangu, ule upanga ulikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeuharibu."

"Nilijua, Baba. Siku moja niliazima wa fundi mwingine, nikakata mikeka yote bila kukwama."

"Sasa kwa nini hukuendelea na huo?"

Kwa nyuma ilisikika sauti ya mtu akikata kioo.

"Watu wangeniona nimeshika upanga wa fundi mwingine. Wangekuonaje wewe?"