Uzi Usiopigwa Fundo

Pyo Jeong-rye alishona sanda miaka arobaini katika kijiji cha akina Ban, na miaka yote hiyo hakupiga fundo hata moja. Uzi wa sanda huachwa wazi mwishoni, ili marehemu aende zake bila kufungwa na kitu. Fundo ni la nguo ya mtu aliye hai. Mabinti aliowafundisha kazi wakijisahau, aliwakemea mpaka wakalia.

Mwaka wa themanini na moja barabara mpya ilipasua mlima, makaburi ya ukoo yakahamishwa. Moja lilikuwa limezibwa kwa chokaa. Lilipovunjwa, nguo zilitoka nzima: sketi, suruali za ndani, na koti fupi la hariri lenye kiraka kwenye kiwiko. Mwenyewe alilala humo miaka mia nne. Kitabu cha ukoo kilimwita mke wa fulani, basi. Jina hana.

Jeong-rye aligeuza mshono. Mafundo, madogo kama mbegu za ufuta! Mama huyu alilivaa koti lile akiwa hai, akalitia kiraka mwenyewe.

"Weka chini," akasema Ban Sang-gu, mkuu wa ukoo, kaka wa marehemu mume wa Jeong-rye. "Nguo za kaburini huchomwa."

"Sanda, sawa. Hili alilivaa, shemeji. Niachie. Hana kingine kilichobaki duniani."

"Ana mume. Wewe hata mtoto hukutuzalia, leo utufundishe mambo ya wazee wetu? Nenda kashone sanda."

"Nitashona. Na yako pia."

Wanaume wakacheka. Sang-gu akawasha kiberiti, akatia moto sigara yake, kisha koti. Koti liliteketea kabla sigara yake haijafika nusu. Jeong-rye alimchukia palepale, wala hakumficha mtu.

Mwaka uliofuata ukaja mwezi wa ziada, ule unaoongezwa kwenye kalenda ya mwezi mwandamo kila baada ya miaka michache, ambao wazee hushonesha sanda zao mapema. Sang-gu akabisha hodi.

"Shemeji, bado umeninunia? Kwa kitambaa kilichooza?"

"Inua mikono nikupime."

Alimshonea sanda ya kitambaa safi cha katani, mishono imenyooka, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alipofika mwisho, chini ya kwapa la kushoto ambako hapatazamwi na mtu, alilowesha uzi kwa mate, akauzungusha kidoleni, akapiga fundo dogo kama mbegu ya ufuta. Akalivuta hadi likakaza.

Kisha akaikunja sanda vizuri, akampelekea kwake.