Mkalimani wa Posa

Pale bohari ya vigae kila mtu alimwita Kasuku, na wala hakuchukia, maana kazi yake ndiyo hiyo: msimamizi Mchina akisema, yeye anasema, fundi Mjaluo akijibu, yeye anajibu. Mwenyewe alikuwa Mjaluo wa kuzaliwa. Kichina alikiokota hapo hapo bohari, kati ya maboksi, kwa kusikiliza na kuchekwa. Watu walipomshangaa aliwaambia hakikumpa taabu kama wanavyodhani, kwa sababu Kijaluo nacho kina sauti za kupanda na kushuka. Neno lile lile ukilivuta juu ni hili, ukiliangusha ni lingine kabisa. Hata ndugu wa mama na ndugu wa baba, Wachina hawawaweki kapu moja, kila mmoja ana jina lake, kama kwao tu.

"Hizi lugha ni majirani," alipenda kusema. "Basi tu hazijawahi kugongeana mlango."

Majivuno hayo yalikuja kumtokea puani siku ya posa ya mdogo wake.

Huyo mdogo wake, fundi wa jenereta, alikuwa amempenda binti wa duka la miwani. Binti ndiye aliyekuwa akikata vioo nyuma ya duka, Mchina aliyekulia mtaa huo huo, Kiswahili anakimwaga bila kujiuliza. Wawili hao hawakuhitaji mkalimani wa aina yoyote, na kila aliyepita dukani alijionea hilo kwa macho yake. Kasheshe ilikuwa kwa akina mama. Mama yake Kasuku, Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuombea kupunguziwa bei. Mama wa binti, mjane mwenye duka, chake ni cha macho: soma hapa, juu, chini, karibu, mbali. Na kwa jambo la watoto wao hakuna aliyekubali kusema kwa lugha ya kuazima. Tena kila mmoja alikuwa amemwambia mwanawe kinagaubaga: nisiporidhika na mwenzangu, hakuna ndoa. Watoto wenyewe ni wa kutii mama. Wangeachana kweli, wakae na donda moyoni.

"Dada," kijana akamwambia Kasuku walipokuwa njiani, "maisha yangu yako mdomoni mwako."

"Usinitie homa. Nitasema kila neno kama lilivyosemwa. Sipunguzi, siongezi."

Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake ya kazi. Bohari hakuna mzigo uliowahi kwenda kombo kwa sababu ya ulimi wake.

Wakaketi kwenye chumba cha nyuma ya duka, watu watano wamebanana, mashine ya kukatia vioo imefunikwa shuka, ukutani lile bango la herufi kubwa zinazopungua mpaka zinakuwa chawa. Chai ikamiminwa. Mama yake Kasuku akakohoa kidogo, akaanza.

"Huyu mwanangu ni jembe," alisema kwa Kijaluo. "Jenereta ikisikia hatua zake inawaka yenyewe. Hakuna nyumba aliyoikuta gizani akaiacha gizani. Mimi niliyemzaa nikipita njiani, watu wananipisha."

Kasuku akalisafirisha lote, neno kwa neno, na jembe lake. Mwenye duka akatabasamu, lakini tabasamu lile la kumwonyesha mteja mlango. Kisha naye akasema, kwa upole kabisa, akitazama kikombe chake.

"Binti yangu ni mzito wa kuamka. Kupika hajui. Kichwa chake kigumu, na hana kikubwa anachokiweza. Mtapata taabu naye."

Kasuku akalisafirisha na hilo.

Mama yake akamwinamia Kasuku sikioni. "Muulize wanaficha ugonjwa gani. Mama mzazi hamsemi mwanawe hivyo bure." Upande wa pili mwenye duka naye alikuwa akimnong'oneza Kasuku kwa Kichina, "Mtu wa kujipigia debe namna hii, kijana wake ana mke mahali." Yaani kila mmoja alimwona mwenzake tapeli, na kila mmoja alitaka Kasuku akamwambie. Mama yake alikuwa ameshavuta mkoba wake magotini, na Kasuku alimjua mama yake: mkoba ukifika begani, mazungumzo yamekwisha.

Alichukia, nisiwafiche. Alikuwa amesema kweli tupu, hakuna neno alilopindisha, na bado nyumba ilikuwa inaanguka. Akawatazama wachumba kama mtu anayeomba msaada. Ndipo akaona ajabu. Binti, aliyekuwa ametukanwa vile na mama yake mbele za wageni, alikuwa ametulia tuli, kama amesikia habari za asubuhi. Na yule mdogo wake, aliyesifiwa mpaka aibu, naye alikuwa anatafuna karanga bila wasiwasi. Kila aliyemsikia mama yake mwenyewe hakushtuka. Walioshtuka ni wale wawili waliosikia kupitia kwake.

Bohari hawajadili watoto, wanajadili vigae. Angejulia wapi?

Basi akafanya kitu alichoapa hatafanya maishani: akasema maneno yake mwenyewe.

"Mama, weka mkoba," alisema kwa Kijaluo. "Nadhani huyu anamshusha wake ili wewe umwinue. Ni adabu. Amekaa hapo anasubiri umkatalie." Akageuka, akasema kwa Kichina, "Samahani, mama. Kwetu mtu akikuheshimu anakusifia mwanawe, ili ujue hakukuletea makapi. Sasa anasubiri umsifie wako. Ukimshusha, anaona unamfukuza."

Wale akina mama wakatazamana, kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu.

Mama yake Kasuku ndiye aliyeanza. "Mwambie kichwa kigumu ndicho ninachokitafuta. Huyu jembe langu akishikwa na mafua kidogo tu, analia kama anakata roho. Anahitaji mtu wa kumkatalia."

Kasuku akalifikisha lote. Kijana akaacha karanga. Mwenye duka akacheka, amejiziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Halafu zamu ikawa yake, na kicheko kikaisha.

Hakumtazama binti. Aliitazama mashine chini ya shuka.

"Baba yake alipofariki," alisema, "nilitaka kufunga duka. Yeye alikuwa bado mtoto. Akaketi pale akajifunza kukata vioo peke yake, vidole vyote vina majeraha, na jioni anaificha mikono nisione. Mimi niliona. Wazee wa mtaa huu wanasoma kwa sababu yake. Na mimi nipo kwa sababu yake. Sijaona mtoto mwingine kama huyu."

Kasuku alifungua mdomo atafsiri, akamwona binti. Machozi yalikuwa yanamshuka, na wala hakuyafuta.

"Mama," binti akasema kwa Kichina, sauti imekatika, "hujawahi kuniambia."

Mwenye duka akageuka, akamtazama mwanawe kwa mshangao wa kweli.

"Nilidhani unajua."

Kasuku aliyageuza yote hayo kuwa Kijaluo, kila neno. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho. Akautoa mkoba magotini, akauweka sakafuni, akaegemea kiti.

"Mwambie asiharakishe kwa ajili yetu," alisema. "Aendelee kumwambia mwanawe. Sisi wakwe zake tupo, tutasubiri."

Kijana aliposikia mama yake amesema wakwe, alishusha pumzi ndefu, akafunika uso kwa mikono. Kasuku akamgeukia mwenye duka, amfikishie.