Mbuzi wa Jengo la Ninus

Musyoka aliacha kubeba magunia bandarini mgongo ulipomshinda, akawa mlinzi wa ghorofa moja Mji wa Kale, akapewa na chumba cha chini akae na mkewe. Mwenye jengo alikuwa amerundika sakafu juu ya sakafu, zote zimekalia kuta za nyumba kuukuu ya matumbawe, kisha mlangoni akaandika kwa dhahabu: NINUS. Musyoka alimuuliza padri wake maana yake. Padri akasema ndilo jina Walatini waliloupa mji wa Ninawi, ule ambao Yona alitumwa kuuambia utaangamizwa. Tangu hapo Musyoka hakupenda kuutazama mlango ule.

Kisha ufa ukatokea kwenye ukuta wa ngazi. Kwanza uliingia ukucha, baadaye kidole, mwishowe mkono mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye jengo aliuziba kweli, kwa rangi ya samawati! Ukafunguka tena. Musyoka aliogopa, nami simcheki, maana upande wa pili wa ukuta huo ndiko alikolala mkewe, Mutanu.

Akapita mlango kwa mlango. "Hameni jamani, jengo hili litatuangukia." Wapangaji wakamsikiliza kwa adabu, wasihame. Ndipo, kwa kukata tamaa, akawasimulia habari ya lile jina. Laiti angenyamaza.

"Ninawi?" Bi Fadhiya wa ghorofa ya kwanza akashika kifua. "Si ndio mji wa Nabii Yunus huo? Na watu wake walitubu, Mola akawasamehe. Nasi na tuzungushe mbuzi wa kuondoa balaa, mwanangu."

Basi jengo zima likachangamka. Waislamu wakafunga, Wakristo wakafunga, hata majirani wawili wa juu waliokuwa hawasalimiani wakapeana mikono ngazini. Mbuzi dume akazungushwa jengo, dua zikimfuata nyuma, kisha akachinjwa na pilau ikapikwa. Mimi pia nilikula, wala sitasema haikuwa tamu. Kila mtu alimshukuru Musyoka kwa kuwaonya mapema, halafu akapanda zake kwenda kujinyoosha.

Yeye alibaki barazani na sahani yake haijaguswa. Vumbi jeupe lilikuwa likidondoka kutoka kwenye ufa, kidogo kidogo, kama unga kwenye chekeche.

"Baba Mwikali!" Mutanu akamwita kutoka chumbani. "Njoo na randa uuchonge mlango huu. Asubuhi ulifunga vizuri, sasa umekwama, haufungiki."

"Usiufunge! Ukuta umeanza kuulalia. Toka nje, Mama Mwikali. Toka sasa hivi!"

Mutanu akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba na moyo umetulia. "Nitoke niende wapi, na Mungu ameshatusamehe?"

Musyoka akamsikia anausukuma mlango kwa bega, aufunge.