Maji ya Kisima cha Ng'ombe

Kila kaskazi, majira ya joto, skuli zikishafungwa na maji yakishapungua, kijiji chetu cha upande wa Uroa kilitoka kusafisha kisima. Hakuna aliyelipwa. Wanaume walishuka kwa kamba kuzoa tope, wanawake walipokea ndoo juu na kwenda kuzimwaga mbali, na watoto walisugua ukingo wa mawe kwa makumbi ya nazi mpaka ukungu wa kijani utoke. Adhuhuri tukila muhogo wa nazi pamoja. Kanuni ilikuwa moja, nayo ya wazee: nyumba isiyotoka kusafisha haiteki mpaka mwaka mwengine. Waliiweka ili kuwaamsha wavivu. Mimi niliigeuza kitu chengine.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati wa siasa. Nilikuwa nimemaliza sekondari mjini miaka kadhaa nyuma, nimerudi na maneno mengi, na kwa kuwa nimesoma, wazee waliniachia kusimamia kazi ile. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa wa chama chengine. Wake zetu wakiazimana mbuzi ya kukunia nazi. Mwanawe mdogo alikuwa akicheza na wangu barazani kwetu mpaka usingizi unampitia hapo hapo.

Asubuhi ya kusafisha alikuja na mkewe na watoto, ndoo mkononi. Nilisimama njiani.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Kisimani, wapi tena? Tupishe, jua linapanda."

"Waambie wakubwa wa chama chako wakuchimbieni chenu."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele nyuma yangu: "Mtoto mwacheni, huyo hajapiga kura!"

Jirani naye alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaniangalia usoni.

"Unasema kweli, ndugu yangu?"

"Nnasema kweli."

Mtoto alikuwa keshatupita, kachuchumaa na mwanangu, anasugua ukingo. Mamake akamwita.

"Njoo, baba. Twende."

"Sijamaliza, mama."

Akaja kumshika mkono. Makumbi yake yalibaki pale juu ya jiwe.

Tangu siku ile walikuwa wakiteka kisima cha ng'ombe, shimo la kina kifupi nyuma ya malisho, ambalo wanyama waliliingia kwa miguu. Wangeweza kuniomba. Hawakuniomba, na mimi nilikuwa nikiingoja hiyo siku ya kuombwa. Jioni moja nilimkuta mke wangu anatoka na ndoo kichwani kuwapelekea. Niliishusha nikayamwaga maji mlangoni.

"Hawakusafisha," nilimwambia.

"Nani aliwazuia?"

Niliichukua ndoo tupu nikaiingiza ndani.

Kabla masika hayajaanza, yule mtoto alishikwa na kuhara damu. Walimpa dawa za majani, wakatafuta gari ya kumpeleka mjini, lakini alikufa kabla haijafika. Sijui kwa hakika kama ni maji yale. Watoto wakifa kwa mambo mengi enzi zile. Nilijificha nyuma ya kutojua huko kwa miaka, na mke wangu aliniacha nijifiche.

Asubuhi ya maziko alijaza ndoo kisimani kwetu akaenda nayo kwa ajili ya kumwosha maiti. Safari hii sikumzuia, nilimfuata nyuma. Mama wa mtoto alitoka mlangoni, macho makavu.

"Rejesha, dada. Ataoshwa kwa maji aliyokuwa akiyanywa."

Ndoo ikawekwa chini njiani. Watu waliipita. Jeneza lilipotoka nilinyoosha mkono kulipokea, kama tunavyopokezana siku zote, lakini aliyekuwa mbele yangu hakuniachia bega. Nilikwenda mpaka makaburini mikono mitupu.

Kaskazi iliyofuata nilibisha hodi kwa jirani kabla ya mtu yeyote kutoka.

"Njooni. Kisima ni chenu pia. Nilikosa."

"Ahsante," alisema, kwa adabu. "Cha ng'ombe kinatutosha."

Waliendelea kuteka huko mpaka walipohama.

Siku hiyo nilisimamia kazi kama kawaida. Mwanangu alisugua upande wake wa ukingo mpaka mawe yakang'ara. Upande aliokuwa akiusugua mwenzake aliuacha na ukungu wake, na sikuthubutu kumwambia ausugue.